Zabibu za Dodoma na bei ya dawa ya ukungu

Mvua zinapoanza Desemba, kaunta za maduka ya pembejeo mjini Dodoma hujaa wakulima wa zabibu wenye swali moja: nichukue ile yenye jina, au hii ya bei nafuu? Mwenye duka mara nyingi hana jibu zaidi ya kusema kwamba ile ni orijino na hii inafanya kazi hiyo hiyo. Mkulima wa Mpunguzi, Mbabala au Hombolo anasimama pale na hela aliyoihesabu tangu nyumbani, akijua kwamba atarudi mara kadhaa kabla ya kuvuna. Tena zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, kwa hiyo gharama ya dawa ni ya misimu miwili. Akikosea upande mmoja, amelipia jina bure. Akikosea upande wa pili, vichala vinapauka na kupasuka, na hakuna mnunuzi wa zabibu za mvinyo atakayevigusa.

Kwangu mimi, jina na bei ni mambo ya kuulizwa mwishoni. Kwanza ujulikane ugonjwa ulioko shambani, kisha kiambato kilichomo ndani ya pakiti, kisha hatua ambayo mzabibu umefikia. Aliyekwisha kuyajibu hayo atakuta kwamba mara nyingi dawa ya bei nafuu inatosha kabisa, na kwamba zipo wiki chache za msimu ambazo kubana matumizi ni kujitafutia hasara.

Ukungu unaoisumbua mizabibu ya uwanda wa kati ni wa aina mbili, na dukani dawa za aina zote mbili hukaa rafu moja. Ubwiri unga hutanda unga wa kijivu juu ya majani, machipukizi na punje. Ukipitisha kidole unafutika. Punje changa ikishikwa, ngozi yake inakufa na kuacha kutanuka huku nyama ya ndani ikiendelea kukua, hivyo punje inapasuka na mbegu kubaki wazi. Ubwiri vinyoya huanza na doa la manjano lenye mng'ao wa mafuta upande wa juu wa jani. Ligeuze jani hilo asubuhi na mapema, umande ukiwa bado haujakauka, na chini ya doa utaona manyoya meupe laini. Kazi hii ya kugeuza jani ni ya nusu dakika na haina gharama, nayo ina uwezo wa kuokoa hela nyingi kuliko punguzo lolote la dukani.

Sababu ni kwamba viumbe hivi viwili havina undugu. Ubwiri unga, ambao wataalamu huuita Erysiphe necator, ni kuvu halisi. Hauhitaji maji juu ya jani. Unatosheka na joto la nyuzi 20 hadi 27 na kivuli cha majani yaliyosongamana, ndiyo maana unashambulia hata Julai ambapo hakuna wingu angani. Ubwiri vinyoya, Plasmopara viticola, ukoo wake uko karibu zaidi na mwani, na hauwezi kuingia kwenye jani kavu. Dodoma hupata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo ubwiri vinyoya ni ugonjwa wa masika, na katika msimu wa kiangazi unatisha tu pale wanapomwagilia kwa kurusha maji juu ya majani. Kwenye umwagiliaji wa matone, kama ule wa mashamba ya Chinangali wilayani Chamwino, ardhi inalowa na majani yanabaki makavu.

Hapo ndipo hela nyingi zinapopotea. Metalaksili, kiambato kilichoipa Ridomil sifa yake, huua ubwiri vinyoya na haifanyi lolote kwa ubwiri unga. Salfa nayo hudhibiti ubwiri unga, ila ubwiri vinyoya hausumbuliwi nayo. Mkulima anayenunua pakiti ya gharama ya metalaksili mwezi Julai kwa sababu ameona unga mweupe kwenye vichala anaitupa hela yake, hata kama pakiti ni halisi na ameipima sawasawa. Jirani yake aliyenunua salfa ya bei ya chini kabisa atavuna.

Dawa hizi zina historia inayoeleza bei zake. Ubwiri unga ulionekana Uingereza mwaka 1845, ukasambaa Ufaransa na kuangusha uzalishaji wa mvinyo, mpaka salfa ilipoanza kutumika kwa wingi. Ubwiri vinyoya ukaingia Ufaransa mwaka 1878 kutoka Marekani. Profesa Pierre-Marie-Alexis Millardet wa Bordeaux aliona kwamba mizabibu ya kandokando ya barabara, iliyopakwa mrututu na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu, ilibaki na majani yake. Mwaka 1885 akachapisha kanuni ya mchanganyiko huo. Mrututu ule ule ndio wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliokuja kuuzoea, na salfa ndiyo inayookoa mikorosho ya Mtwara na Lindi dhidi ya ubwiri unga wa korosho hadi leo. Salfa na mrututu havina mwenyewe. Hakuna kampuni yenye hataza ya salfa, na anayelipa zaidi analipia namna ilivyosagwa na kufungashwa.

Mankozebu, kiambato kingine cha dawa za ukungu, ilisajiliwa mara ya kwanza mwaka 1962 na kampuni ya Rohm and Haas ya Marekani kwa jina la Dithane. Metalaksili ikafuata miaka ya 1970 kutoka Ciba-Geigy ya Uswisi, ambayo shughuli zake za viuatilifu ziliishia mikononi mwa Syngenta. Hataza hudumu miaka 20. Ikiisha, kiwanda chochote chenye uwezo kinaruhusiwa kutengeneza kiambato kile, na viwanda vya India na China vimefanya hivyo kwa wingi. UPL ya India ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mankozebu duniani. Mwaka 2017 Syngenta yenyewe ilinunuliwa na ChemChina, shirika la serikali ya China. Kwa hiyo mazungumzo ya kaunta yanayogawa dawa kuwa za Mzungu na za Mchina hayasaidii kitu tena. Cha maana ni maandishi madogo ya kwenye lebo, yale yanayotaja kiambato na kiasi chake.

Maandishi hayo yanahitaji kusomwa kwa makini, na mfano mzuri ni wa metalaksili yenyewe. Ridomil Gold MZ 68 ina gramu 40 za metalaksili-M na gramu 640 za mankozebu kwa kila kilo. Pakiti nyingi za bei nafuu, zile zenye namba 72, zina gramu 80 za metalaksili na gramu hizo hizo 640 za mankozebu. Anayeangalia namba peke yake atadhani ya bei nafuu ina nguvu maradufu. Sivyo. Metalaksili ya zamani ni mchanganyiko wa molekuli za maumbo mawili yaliyo sawa kwa kila kitu isipokuwa yamegeukiana, na umbo moja tu ndilo lenye nguvu dhidi ya ugonjwa. Metalaksili-M ni lile umbo lenye nguvu, lililotengwa. Gramu 40 za hii na gramu 80 za ile, kwa kipimo kimoja kwa ekari, zinaleta shambani nguvu inayokaribiana. Tofauti ni kwamba ya bei nafuu inaacha kemikali nyingi zaidi udongoni bila faida. Kwa mkulima wa nusu ekari anayeutafutia ubwiri vinyoya tiba ya wakati wa mvua, pakiti ya 72 iliyosajiliwa na kutunzwa vizuri ni chaguo halali.

Salfa ina hadithi tofauti. Nguvu yake inategemea ukubwa wa chembe: zikiwa ndogo zinafunika jani vizuri, zinashika na kutoa mvuke unaoua ukungu, zikiwa kubwa zinatiririka na maji na kuziba mdomo wa bomba. Salfa za majina makubwa, kama Thiovit Jet ya Syngenta na Kumulus ya BASF, zina asilimia 80 ya salfa na huja katika vipunje vinavyosambaratika ndani ya maji. Faida moja ya vipunje haitajwi sana: havirushi vumbi usoni wakati wa kupima. Zipo salfa za bei nafuu za namna hiyo hiyo, na zipo zilizosagwa ovyo. Kuzitofautisha kunahitaji chupa safi ya kioo au plastiki angavu. Jaza maji ya kisima utakachotumia, weka dawa kwa kipimo cha lebo, funga, pindua mara kadhaa, kisha iache kwa dakika 30. Dawa iliyotengenezwa vizuri itabaki imetawanyika, na maji yatakuwa na wingu sawa juu hadi chini. Mbaya itaacha tope zito chini na maji mepesi juu. Maabara nazo hupima kwa dakika hizo hizo 30, ila kwa vifaa bora. Chupa hii haikuambii kama kiambato kimo au hakimo. Inakuambia kama kitafika kwenye jani kwa usawa, au kama mistari ya kwanza itapata maji matupu na ya mwisho kuunguzwa.

Wasiwasi wa dawa feki ni wa kweli, lakini unahitaji kupimwa vizuri. Uganda, utafiti wa soko la kiuagugu cha glifoseti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta chupa nyingi zina kiambato pungufu kuliko kilichoandikwa. Mkoani Morogoro, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kinyume chake kwa mbolea ya urea: wakulima waliamini kwamba imechakachuliwa, ila vipimo vya maabara vilionyesha kwamba karibu yote ilikuwa na naitrojeni inayotakiwa. Walidanganywa na mabonge na rangi. Matokeo haya mawili yanaonyesha kwamba hisia za mnunuzi ni kipimo dhaifu. Pia anayetengeneza pakiti ya uongo ana kila sababu ya kuiga jina linalouzwa kwa bei kubwa, kwa hiyo gharama ya juu peke yake haimlindi mtu.

Kinachosaidia ni mambo ya kawaida ambayo sheria imeyaweka. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, yenye makao Arusha, ilianzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na kurithi kazi iliyokuwa ya taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI. Kila kiuatilifu kinachouzwa nchini kinapaswa kuwa kimesajiliwa nayo. Tafuta namba ya usajili, jina la kiambato, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, namba ya toleo, na maelekezo ya Kiswahili. Dai risiti. Na usikubali kupimiwa. Tabia ya kufungua pakiti ya kilo na kuuza vijiko kadhaa katika mfuko wa nailoni au chupa ya maji ya kunywa imeenea kwa sababu inamsaidia mwenye hela kidogo, lakini inaondoa kila kitu ambacho mnunuzi angeweza kukikagua: jina, kipimo, tarehe, onyo. Mankozebu iliyofunguliwa inapata unyevu, na ikikaa chini ya bati katika joto la Oktoba inaoza na kutoa kemikali iitwayo ETU, ambayo ni hatari kwa afya kuliko mankozebu yenyewe. Wanachama kumi wa chama cha ushirika wakinunua pamoja katoni iliyofungwa wanapata bei ya jumla, na lebo inabaki mikononi mwao. Kwangu hii ndiyo njia ya uhakika ya kupata dawa rahisi.

Hesabu ya bei nayo hufanywa vibaya mara nyingi. Tuseme, kwa bei za mfano tu, pakiti ya kwanza ya gramu 250 ni shilingi 10,000 na kipimo chake ni gramu 50 kwa bomba la lita 20. Inatoa mabomba matano, yaani shilingi 2,000 kwa bomba. Pakiti ya pili ya gramu 250 ni shilingi 7,000, ila kipimo chake ni gramu 100. Inatoa mabomba mawili na nusu, shilingi 2,800 kwa bomba. Iliyoonekana rahisi ni ghali kwa asilimia 40. Na bado hatujahesabu siku: dawa inayolinda siku 14 na ile ya siku 7 hazilingani hata kama bomba lake ni la bei moja, kwa sababu kila mzunguko una kibarua, maji ya kusomba na asubuhi nzima ya kazi. Linganisha gharama ya kulinda ekari moja kwa wiki moja. Pakiti haina maana nje ya hesabu hiyo.

Sasa wakati. Mzabibu hauko katika hatari sawa msimu wote. Punje za mizabibu ya jamii ya Ulaya, ambamo Chenin Blanc na Syrah zinazolimwa Dodoma zimo, hudhurika kirahisi na ubwiri unga kuanzia kipindi cha maua hadi wiki tatu au nne baada ya punje kufunga. Baada ya hapo punje yenyewe inakuwa na kinga kubwa, ingawa majani na vikonyo bado vinashikwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, umelieleza jambo hili vizuri, na matokeo yake kwa mfuko wa mkulima ni makubwa. Baada ya kupogoa, majani machache yanapochomoza, salfa ya bei nafuu inatosha. Punje zikishapita kipindi kile cha hatari, salfa inatosha tena. Katikati hapo, kuanzia siku chache kabla ya maua, ndipo mahali pa kuweka dawa bora uliyo na uwezo nayo, ya kundi la triazoli kwa mfano, inayoingia ndani ya jani na kudumu. Anayegawa hela yake sawasawa kwa msimu mzima analinda kupita kiasi pasipohitaji na kuacha wazi panapohitaji. Wapo wanaoanza na dawa ya gharama kwa sababu hela ya mwanzo wa msimu bado ipo, kisha wakati wa maua wanabaki na chochote kilichobaki chini ya kitanda. Ni mpangilio uliopinduka, na kuugeuza hakuongezi gharama hata senti.

Dawa hizi zinazoingia ndani ya mmea zina udhaifu wake. Salfa, mrututu na mankozebu hushambulia ukungu katika sehemu nyingi kwa mpigo, kwa hiyo usugu dhidi yake ni nadra hata baada ya miongo mingi. Metalaksili, triazoli na kundi jingine liitwalo strobilurini hugusa sehemu moja tu, na ukungu uliobadilika kidogo unapona na kuzaana. Mwaka 1980 nchini Ireland na Uholanzi, metalaksili iliyotumika peke yake kwenye viazi ilishindwa na ugonjwa wa bakajani chelewa miaka michache tu baada ya kuingia sokoni. Ndiyo maana leo huuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu. Lebo nyingi zina namba ya kundi: 4 ni metalaksili, 3 ni triazoli, 11 ni strobilurini, na zinazoanza na M ni zile za sehemu nyingi. Mtu anayebadilisha majina ya biashara matatu huku yote yakiwa kundi la 3 hajabadilisha dawa. Hapa jina kubwa na jina dogo huharibu kwa namna moja, na shamba likishapata usugu, usugu huo ni wa kijiji kizima, kwa maana mbegu za ukungu husafiri na upepo.

Neno moja kwa wanaopeleka zabibu kwenye mvinyo. Salfa ikipuliziwa karibu na mavuno, mabaki yake huingia kwenye mchuzi wa zabibu, na wakati wa kuchacha hamira huyageuza kuwa gesi yenye harufu ya yai bovu. Acha salfa wiki kadhaa kabla ya kuvuna, kwa kufuata lebo. Na mchana wa Oktoba na Novemba, joto likipita nyuzi 30, salfa yoyote ile inaweza kuunguza majani. Pulizia jua likiwa bado chini.

Limebaki suala la mankozebu, ambayo kwa sasa ndiyo nguzo ya dawa nafuu za masika. Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2020 kutorefusha kibali chake kwa sababu ya madhara kwa uzazi na mfumo wa homoni. Kwa upande wa afya hilo linawahusu kwanza wanaobeba bomba mgongoni Hombolo na Mvumi, wengi wao bila glavu wala barakoa, na wanawake wanaoingia shambani kupunguza majani siku ya pili yake. Kwa upande wa soko, mvinyo utakaotaka kuuzwa Ulaya unaweza kupimwa mabaki. Mbadala upo kwa sehemu: mrututu, ingawa ukirundikana udongoni unadhuru, na kupogoa kunakoacha upepo upite kati ya vichala, ambako hakununuliwi. Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, chenye dhamana ya zabibu nchini, kiko Dodoma hapo hapo. Ratiba ya upuliziaji ya masika isiyotegemea mankozebu, iliyojaribiwa kwenye Makutupora Red na Chenin Blanc na kuandikwa kwa viambato badala ya majina ya kampuni, ingewafaa wakulima kuliko mabango yote ya dawa yaliyobandikwa kwenye kuta za maduka, na inafaa ianze kutengenezwa sasa, wakati pakiti za mankozebu bado zimejaa rafuni.